Ua Chini ya Kikuku

Kitu cha kwanza alichokiona Mize kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Alikuwa amemvuta wifi yake kope ya chini kwa kidole gumba ili ampitishe wanja, na ndani ya kope ile, pale panapotakiwa kuwa pekundu kama ufizi, palikuwa peupe. Peupe kama utando wa ndani ya yai.

Mkono wake ukasimama hewani.

"Vipi?" Raya aliuliza, jicho amelikodolea dari. "Umeona mbuzi humo?"

"Hamna. Tulia, wifi."

"Nimetulia tangu asubuhi. Nikitulia zaidi ya hapa mtanisalia."

Raya alikuwa mke wa Shaame, kaka yake Mize. Shaame alikuwa mbali, mwezi wa pili sasa, kwenye mitambo ile ya baharini inayokamua umeme kutoka kwenye mawimbi. Mimba ya Raya ilikuwa imeshuka, inangoja siku yake, na mwenyewe alitaka wanja kwa sababu, alisema, hawezi kumpokea mgeni kwa macho ya mtu aliyefukuzwa na nyuki. Alisema hivyo huku anatafuna mchele mbichi. Alikuwa na kikombe cha mchele pembeni, anachota, anatafuna. Siku hizi hakuwa na hamu ya kitu kingine.

Mize alimaliza jicho la kulia, akafunua la kushoto. Nalo jeupe.

"Wifi, unasikia kizunguzungu?"

"Mjamzito gani asiyesikia kizunguzungu? Usiniulize mimi, kiulize hiki hapa." Raya aliinua mkono wa kushoto, akabonyeza kikuku.

Watu wazima wote wa Shumbageni walivaa kikuku: mkanda mweupe, upana wa vidole viwili, unaofungwa na ofisi ya usajili na kufunguliwa na ofisi hiyo hiyo. Kikuku cha Raya kikawaka kijani, na sauti yake ya kike yenye adabu ikasema: "Damu yako inatosha, Raya. Kumi na mbili. Endelea kupumzika."

"Umesikia? Mwenye elimu yake kashasema."

Mize akanyamaza. Kunyamaza alikuwa bingwa nako, kama alivyokuwa bingwa wa hina. Skuli aliiacha darasa la nne, na tangu hapo mazungumzo yakifika kwenye mambo ya elimu, yeye huinamisha kichwa na kutafuta kitu cha kufanya na vidole. Nani amsikilize yeye mbele ya kikuku?

Lakini weupe ule hakuwa anauona kwa mara ya kwanza. Aliwahi kuuona siku moja tu, akimpaka wanja mwanamke mwengine mwenye mimba, ambaye kikuku chake nacho kilikuwa kijani. Aliitwa Mgeni, binti wa Bi Hadia muuguzi. Mgeni yuko kaburini miezi miwili sasa, yeye na mtoto wake. Damu ilimtoka wakati wa kujifungua, na alikuwa hana ya akiba.

"Nakuja," Mize alisema, akafunga kopo la wanja.

*

Aliingia ghalani kwa sababu ndiko kulikokuwa na giza na hakuna mtu. Harufu ya karafuu kavu ilimpanda puani. Akakaa juu ya gunia, akabonyeza kikuku chake mwenyewe, ili tu asikie sauti ile imwambie kwamba yote ni salama.

Nje kwenye jua mwanga wa kikuku hauonekani. Humu gizani ulionekana. Ulikuwa unavuja pembeni mwa mkanda, kijani, unapiga na kupumzika kama moyo. Upande mmoja ulivuja mkali. Upande wa pili, pale ua la hina lilipopita chini ya mkanda, ulikuwa hafifu, kama taa iliyofunikwa kanga.

Mize akainamisha kichwa karibu zaidi.

Ua lile alilichora mwenyewe. Vikuku vilipoletwa, miaka minne nyuma, wanawake wa Shumbageni walinung'unika: kitu gani hiki, wanatufunga kama mbuzi wa kafara? Siku ya harusi ya Raya, Mize alipata fikra. Alichukua kijiti chembamba cha ukuti, akakichovya kwenye hina iliyokandwa kwa ndimu na mafuta ya karafuu, akakipenyeza chini ya mkanda mpaka upande wa pili, akatoa majani na maua juu na chini yake. Kikuku kikawa kama chungu kilichopandwa mwasumini. Wiki iliyofuata walikuja wanawake saba. Baadaye mkono bila ua ukawa aibu. Bibi harusi alipakwa, mjamzito alipakwa akiingia mwezi wa saba, na rangi ikififia wanarudi. Ua chini ya kikuku lilikuwa la Shumbageni peke yake, na aliyelianzisha alikuwa Mize.

"Wingi wa damu yako ni kumi na nne, Mize," kikuku kilisema gizani. "Hongera."

Kumi na nne. Kabla ya ua, alikumbuka, kilikuwa kikimpa kumi, kikimwambia ale mchicha.

Aliushika mkanda kwa vidole, akauzungusha kidogo mpaka dirisha lake dogo la mwanga likaondoka juu ya petali na kukaa kwenye ngozi tupu. Mwanga ukamwagika ghalani, karafuu zikawa kijani. "Kikuku kimesogea," sauti ikalalamika. "Kirudishe mahali pake." Nambari haikutoa.

Siku ya kuvishwa, kijana wa ofisi ya usajili aliwaeleza wanawake kwa subira, na wao wakamcheka ndevu zake. Mize hakucheka, alisikiliza. Kikuku, alisema, kinatupa mwanga ndani ya ngozi. Damu hunywa mwanga. Ukirudi mwingi, kikuku kinajua damu ni chache. Ukirudi kidogo, kinajua damu ipo ya kutosha, imeunywa.

Na hina je? Hina nayo hunywa.

Kwa miaka minne kikuku kilikuwa kinahesabu maua yake.

*

Kituo cha afya cha Shumbageni kilikuwa chumba kimoja cheupe, na ndani yake Bi Hadia, ambaye alikuwa mnene zamani na siku hizi nguo zinamning'inia. Alipomwona Mize mlangoni alivua miwani.

"Mize wa dirishani! Leo umepita mlangoni?"

Jina hilo lilikuwa na miaka kumi na tatu. Mize alipokuwa darasa la nne, kabla vikuku havijazaliwa, Bi Hadia alikwenda skuli na sanduku la sindano kuwatoa watoto damu. Mize alikuwa wa sita kwenye mstari. Alimwona wa tano akichomwa, akaona chuma kinaingia na wekundu unapanda ndani ya mpira, na kilichofuata ni kwamba alikuwa nje ya dirisha, gauni limechanika, anakimbia katikati ya mikarafuu. Kesho yake walimcheka. Kesho kutwa hakwenda. Mpaka leo hajaenda.

"Shikamoo, Bi Hadia."

"Marahaba. Nani mgonjwa?"

Mize aliangalia sakafu, akaanza kueleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati: gunia, mwanga, kijiti cha ukuti, jicho la Raya. Lakini Bi Hadia hakumkatisha. Alipofika kwenye hina, Bi Hadia aliinua mkono wake mwenyewe wa kushoto, akaliangalia ua lililochorwa pale tangu Idi. Aliliangalia kwa muda mrefu.

"Mgeni naye alikuwa nalo," alisema.

"Ndiyo, Bi Hadia."

"Mimi ndiye niliyemsoma. Kila asubuhi. Kijani, kijani, kijani." Alivaa miwani, akaivua tena. "Zamani tulikuwa tunafunua jicho kwanza. Kabla ya kitu chochote, jicho. Kisha tukaambiwa hayo ni mambo ya kikale, jicho la muuguzi hudanganya, mashine haidanganyi. Nikaacha. Hata kwa mwanangu niliacha."

Nje jogoo aliwika saa isiyo yake. Wote wawili wakangoja amalize.

"Basi njoo umtoe Raya damu," Mize alisema. "Leo. Anaweza kushikwa na uchungu wakati wowote, na machela ya hewani ya kwenda hospitali haimchukui mtu mwenye kijani."

"Siwezi. Sikia. Mtu mwenye kikuku cha kijani haruhusiwi kutobolewa. Ile pale," alionyesha mashine ya mezani, ya kijivu, ukubwa wa kinu kidogo, "haifunguki bila ruhusa. Njia ni moja. Pingamizi. Mtu anasimama, anasema kikuku kinadanganya, na aliyepinga ndiye anayetoa mkono wa kwanza. Yeye mwenyewe, si mwengine. Na mjamzito hatoi ushahidi. Waliweka hivyo ili watu wasipinge kwa mchezo."

"Wewe una ua. Pinga wewe."

"Mtumishi wa kituo hapingi kituo chake." Bi Hadia alimwangalia vizuri sasa. "Umebaki nani, mwanangu?"

Miguu ya Mize ilielewa kabla yake. Ilikuwa imekwisha geukia mlango. Alijikuta ameshika fremu kwa mikono miwili, jasho linamtoka chini ya ushungi, na mikarafuu iko mbele yake kama ilivyokuwa miaka kumi na tatu nyuma, iko wazi, inamngoja. Ilikuwa rahisi. Kukimbia alikujua.

Akamfikiria Raya na kikombe chake cha mchele. *Nikitulia zaidi ya hapa mtanisalia.*

"Bi Hadia," alisema bila kugeuka, "funga dirisha."

"Dirisha?"

"Lifunge. Na mlango."

Bi Hadia akafunga vyote, komeo likalia. Mize akaiambia mashine kwamba anapinga, akakaa kitini.

Sindano ilitoka kwenye kasha la mwisho, chini kabisa kabatini, chini ya mapazia. Bi Hadia aliifungua karatasi yake. Alimfunga Mize mpira juu ya kiwiko, akapangusa spiriti, akapapasa.

"Miaka minne sijaishika," alinong'ona. "Angalia kule."

Mize akaangalia kule. Ukaja mchomo, kisha mchomo ndani ya mchomo, chuma kinatafuta. Masikio yake yakaanza kuvuma. Ukuta mweupe ukawa mweusi pembeni.

"Nimekosa. Ya Rabi, nimekosa mshipa." Bi Hadia alitoa sindano. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Tuache. Mkono wangu umekufa, Mize, tuache tu."

Mize alijiinamia mpaka uvumi ukapungua. Alipoinua kichwa aliona jambo la ajabu: Bi Hadia alikuwa anaogopa kuliko yeye. Mtu akiogopa mbele yako kuliko wewe, unapata nafasi kidogo ya kupumua.

"Una sindano nyengine?"

"Ninazo."

"Nipe mkono wangu."

Bi Hadia hakumfahamu. Mize aliuvuta mkono wake mwenyewe mapajani, akauangalia kama anavyoangalia mkono wa mteja. Mikono mingapi imelala juu ya mto wake? Minene, mikavu, ya kizee, ya kibibi harusi. Hakuna aliyejua ngozi ya Shumbageni kama yeye: wapi mshipa unapita juu ukavunja mstari, wapi unajificha, wapi unateleza ukiguswa. Alikunja ngumi kwa nguvu, akaachia, akakunja tena. Damu ikapanda, kichwa kikawa chepesi kidogo. Kwa kidole cha shahada akapapasa. Si pale alipochomwa. Ndani zaidi, karibu na mfupa, kuna kitu kinachosukuma kidole na kurudi.

Akatoa mfukoni koni yake ndogo ya hina, isiyomtoka hata akilala. Akachora nukta mbili, moja juu na moja chini.

"Unapita hapa mpaka hapa. Usiguse nukta, ingia katikati. Taratibu, kama unafuata mstari."

"Angalia kule, basi."

"Siangalii kule. Kule ndiko nilikoangalia mara ya kwanza."

Akakunja ngumi. Akivuta mstari mrefu huwa hapumui ovyo. Huvuta pumzi kwanza, mstari wote ukaenda juu ya pumzi inayotoka. Akavuta. Chuma kikashuka. Akaanza kuitoa pumzi, macho yamebaki pale pale katikati ya nukta zake mbili, akaona ngozi inabonyea, inakubali, inafunga kuizunguka sindano. Iliuma. Iliuma kama kitu kinachouma, basi. Kisha damu yake ikaja kwenye kichupa, nyekundu ya kweli, na yeye alikuwa bado yumo chumbani.

"Haya!" Bi Hadia alisema, sauti imepasuka. "Haya, mwanangu, haya!"

Mashine ya mezani ikakimeza kichupa, ikanguruma. "Pingamizi la Mize binti Faki," ilisema kwa sauti nzito. "Kikuku, kumi na nne. Damu, tisa na nusu. Kosa la kikuku limethibitishwa. Pingamizi moja, ruhusa moja. Mtaje mtu."

"Raya binti Salim."

"Ameruhusiwa. Mlalamikaji aeleze sababu ya kosa, au aseme hajui."

Mize akafungua mdomo. Bi Hadia akamwekea kidole juu ya mkono, akainama sikioni.

"Sema hujui. Raya keshapata. Ukitaja hina, kila mkono wa mji huu utafunguliwa, na watu watauliza aliyechora ni nani. Unawajua watu wa hapa. Hawatosema kikuku kimeua. Watasema Mize kaua. Hutopaka hina tena hata mkono wa paka."

Ilikuwa kweli yote. Mize aliangalia vidole vyake, vyeusi kwenye ncha kwa kazi ya miaka. Hakuwa na kitu kingine duniani alichokuwa hodari nacho. Kisha akahesabu, kwa sababu darasa la nne linatosha kuhesabu: Salma wa bondeni, mwezi wa nane. Yule mke mdogo wa fundi. Mapacha wa Bi Chumu, wote wawili. Wanne wenye mimba aliowapaka mwezi huu peke yake, wamelala majumbani mwao, kijani, kijani, kijani.

"Mlalamikaji aeleze sababu."

"Ni hina," Mize alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kubwa. "Hina iliyopita chini ya kikuku. Inakunywa mwanga, kikuku kinafikiri ni damu. Nimepaka mimi. Mikono yote ya Shumbageni nimepaka mimi."

Mashine ikanguruma tena. Kisha kikuku cha Mize kikazimika, na cha Bi Hadia pia. Huko nje, kwenye majamvi ya karafuu, zikasikika sauti za wanawake, mmoja baada ya mwengine: changu kimekufa! Na changu! Njooni muone!

*

Damu ya Raya ilikuwa tano na nusu. Safari hii Bi Hadia hakukosa. Alifunua jicho kwanza, kisha Mize akaweka nukta mbili, naye akapita katikati. Machela ya hewani ilitua uwanjani kabla ya adhuhuri, ikatimua vumbi juu ya karafuu za watu. Wanawake walisimama pembeni. Wengine walimwangalia Mize, wengine waliangalia mikono yao. Mmoja alikuwa anajisugua mkono kwa mchanga.

"Wifi," Raya aliita akiwa amelazwa, kifuniko cha kioo bado kiko wazi. Midomo yake ilikuwa ya majivu. "Nasikia umetobolewa mara mbili."

"Mara mbili."

"Na hukuruka dirisha?"

"Lilifungwa."

Raya akacheka, akashika tumbo. "Nikirudi salama, mtoto akiwa wa kike nitamwita Mize. Akiwa wa kiume nitamwita Dirisha." Kifuniko kikashuka. Machela ikapaa, ikawa nukta, ikapita juu ya maji kuelekea hospitali kubwa, ambako kulikuwa na damu ya kumtia mtu.

Mize akarudi kituoni kwa sababu hakutaka kupita katikati ya wanawake bado. Bi Hadia alimkalisha, akabadilisha pamba ya mkononi. Mchomo wa kwanza ulikuwa umevimba, wa rangi ya zambarau. Wa pili hauonekani.

"Watakusema," Bi Hadia alisema. "Waache waseme. Mimi ndiye niliyefiwa, na mimi nitawaambia: hina hakuna aliyeijua. Wewe hukujua, mimi nilisomea na sikujua. Sikuwekei kinyongo, Mize. Hata cha punje." Aliibonyeza pamba kwa kidole gumba, taratibu. "Leo umeliona jicho, leo umekuja. Umemwokoa. Laiti siku zile angekuwepo mtu mmoja wa kumfunua Mgeni jicho."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomfika Mize mahali ambapo sindano haikufika. Angeweza kuupokea. Ulikuwa umekwisha kutolewa, uko mapajani pake, hakuna aliyebaki hai wa kusema haukuwa wake.

Alikunja ngumi. Alivuta pumzi.

"Bi Hadia," alisema, akimwangalia usoni. "Mimi ndiye niliyempaka Mgeni wanja. Nilimfunua jicho. Nililiona jeupe, nikaogopa kuonekana mjinga, nikanyamaza."